Mkono wa Enesi

Siku niliyoingia Tunduma naikumbuka kwa harufu ya vitunguu, mwanangu. Nilikuwa nimetoka navyo Singida juu ya lori, safari ya siku tatu, Dodoma, Iringa, Makambako, Mbeya, na kila mji tulioupita nilitamani kushuka nikae. Ndivyo nilivyo; miguu yangu haijui kutulia. Nilikusudia kukaa wiki moja tu, vitunguu vivuke kwenda Zambia, nami niendelee. Nikapata kibarua cha kufunga maturubai ya malori yanayosubiri kuvuka, kisha nikapata mke, binti wa wakulima wa kahawa kule Itaka. Ile wiki ikawa miaka kumi na sita.

Mtoto wetu wa kwanza ni Enesi. Alipofika darasa la pili, herufi zake zilipanda juu ya mstari, zikashuka, zikagongana. Vifungo vya sare alivikosea kila asubuhi. Ukimrushia mpira, alikumbatia hewa wakati mpira umeshampita. Mwalimu wake alituita akasema kwa upole kwamba mtoto ni mzito, huenda akarudia darasa. Mimi nilianza kwa kumchapa. Sijivunii hilo hata kidogo. Fimbo iliposhindwa, nikaamua kwamba haoni.

Basi miguu yangu ikapata kisingizio. Nikamnunulia miwani kwa mchuuzi wa pale mpakani, akaumwa kichwa kutwa nzima. Nikampeleka kwa daktari wa macho Vwawa, mama mmoja mpole, akampima, akasema, “Macho ya mtoto ni mazima, baba, ila...” Lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Kama hapa hawaoni tatizo, nilijiambia, mbele wataliona. Nikaenda kwa mwingine Mbeya. Naye akasema macho mazima. Nikaanza kujiandaa kwa safari ya Dar es Salaam, na moyoni, mwanangu, nilikuwa najiona baba hodari sana.

Kabla ya safari tulikwenda Itaka kuaga. Ulikuwa msimu wa kahawa, na mama mkwe alikuwa kwenye kichanja anachambua, anatoa punje mbovu. Enesi na binamu yake wakasimama kumsaidia.

“Bibi, ile mbovu pale, karibu na kidole chako,” alisema Enesi.

Kweli ilikuwepo. “Haya, iokote,” alisema bibi.

Mkono wa Enesi ukaenda, ukaokota punje nzima iliyokuwa kando yake. Akajaribu tena, akakosa tena. Binamu akacheka: “Enesi anaokota upepo!”

“Nyamaza wewe!” bibi alimkemea. “Mwenzako kaiona toka kule. Wewe uliyesimama karibu nayo umeiona?”

Mimi na mama mkwe hatukuwa watu wa kuketi na kuongea. Ukwe una adabu zake. Alipokuwa na neno kwangu alilisema huku anaitazama kahawa. Siku ile aliitazama kahawa kwa muda mrefu.

“Baba Enesi, huko kwa madaktari uliwaambia nini?”

“Niliwaambia mtoto haoni, mama.”

“Na nani kakuambia haoni? Macho yake yanafika. Mkono ndio haufiki. Hili uliwaambia?”

“Hilo sikuwaambia, mama.”

“Wewe ukiona barabara ndefu, unadhani dawa iko mwisho wake.”

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli. Safari ya Dar es Salaam ikafia palepale kwenye kichanja. Nikarudi Vwawa kwa yule mama daktari, nikaketi, nikamweleza habari za punje, vifungo na mpira. Akatabasamu. “Ndiyo niliyotaka kukuuliza siku ile, baba, lakini ulikuwa na haraka.” Akaniandikia barua niipeleke Mbeya kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, mtu anayezoesha macho na mikono kufanya kazi pamoja.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana mwenye boksi la vizibo vya soda, shanga na kamba za viatu. Nikamuuliza kama tumetoka Tunduma kuja kucheza.

“Mzee, mchezo huu ndio kazi yenyewe,” alinijibu. “Nyumbani mna nini cha kuchambua?”

“Kahawa,” Enesi alidakia. “Ya bibi.”

“Basi nusu ya kazi utaifanyia kwa bibi.”

Tulianza kwa kuchambua mahindi, tukaja maharage, mwisho kahawa. Mwalimu alipoelezwa, alimkolezea mistari ya daftari na kumpa muda zaidi wa kunakili. Haikuwa miujiza. Zipo siku alizomwaga punje zote chini akalia, na mpira hadi leo humpita. Lakini darasa hakurudia, na mwaka uliofuata niliyasoma maandishi yake bila kumuuliza ameandika nini.

Siku tuliyoondoka Tunduma moja kwa moja, kurudi Singida kumtunza baba yangu, Enesi alibaki kwa bibi yake amalizie shule. Alituletea gunia dogo la kahawa, akachukua sindano ya magunia, akalishona mdomo mbele ya watu wote. Mshono ulinyooka toka pembe hadi pembe. Binamu yake, yule wa upepo, alimshikia gunia. Nikamshukuru mama mkwe, naye akaitazama kahawa.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto wako akishindwa jambo, weka fimbo chini. Mtazame anapocheza na anapofanya kazi, mpaka ujue ni wapi hasa anakwama. Mweleze daktari ulichokiona, usimpelekee jibu lako. Kisha kaa kitini mpaka amalize kusema. Akikutuma kwa mwingine, ndipo uende.

Mungu akupe macho ya kumwona mwanao alivyo, na akutulize miguu. Gunia lile ninalo hapa Singida. Kahawa tumeinywa yote, lakini nililipasua ubavuni ili nisiuguse mshono wa Enesi.