Kulthumu arudisha chanja yake penye upepo

Kunapambazuka Gitaza, kando ya ziwa, na Kulthumu ameshaanika. Ndagala wabichi, wale dagaa wadogo wa ziwani, wanang'aa juu ya chanja ya waya, wamelala mmoja mmoja bila kupandana. Vidole vyake vimevimba, havikunjiki, kwa hiyo anawatandaza kwa kiganja.

Waanikaji wenzake wanafika na beseni kichwani, wanasimama. Chanja hiyo iko upande wa ziwani, unakotoka upepo. Ndiko alikokatazwa.

Ile korona ilipoingia uani kwao, mumewe alikohoa, mkwewe Jamila akakohoa, wakapona kwa chai ya tangawizi. Yeye alilazwa, akawa anapumua kwa mtungi wa oksijeni.

Aliporudi, viungo vikaanza kuvimba, na maneno nayo yakaanza. Eti ugonjwa ungali kifuani mwake, na pumzi yake ikipita juu ya samaki wa wengine, wanunuzi watakimbia. Salima, mkubwa wa waanikaji, akamhamishia mwisho wa upepo, kando ya barabara. Huko kila lori likipita linaacha vumbi juu ya samaki. Tangu hapo anauza nusu ya bei ya wenzake.

Mwaka huu mwanawe Amissi alimpeleka Bujumbura, akapimwa damu. Daktari alimweleza taratibu: kila damu ina kingamwili, askari wanaopiga vijidudu. Baadhi ya zake zimemgeuka. Huenda hata kabla ya homa zilikuwa zikiwanyamazisha wapiga mbiu wa mwili, wale wanaoamsha ulinzi ugonjwa ukiingia, ndiyo maana virusi vilimwelemea yeye kuliko wenzake. Sasa nyingine zinapiga viungo vyake. Hawezi kumwambukiza mtu maradhi hayo.

Alipowasimulia, walicheka. "Mama Amissi, askari gani anapiga mwenye nyumba?" Salima alimuuliza.

"Kwani wewe umekulia inchi gani?" Kulthumu alimrudishia.

Wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka Salima. Lakini mahali pake hawakumrudishia.

Basi leo ameishika sheria yao wenyewe. Hapa chanja yenye samaki wabichi haisogezwi na mkono wa mtu mwingine, hata mkubwa wao, mpaka wakauke. Salima anaizunguka, anashika mguu wa chanja, anauachia. Anasema hana haraka, jua la leo ni kali, jioni samaki watakuwa wamekauka, ndipo watazungumza.

"Damu yangu inanipiga mimi," Kulthumu anamjibu bila kupaza sauti. "Wewe haijakupiga hata kofi."

Keren, jirani aliyetoka Kivu ya Kusini, anatua beseni lake. Anabeba chanja yake mwenyewe na kuisimika nyuma tu ya Kulthumu, pale pale pumzi inapopita, anaanza kumwaga ndagala.

Tunamuuliza Kulthumu atafanya nini hiyo jioni ikifika. Anaonyesha beseni la pili la ndagala wabichi chini ya kivuli, limefunikwa kitenge chenye maji.

"Hizi zikikauka upande huu, naanika mbichi upande ule. Kesho hivyo hivyo. Chanja yangu haitakuwa tupu tena, mpaka Salima azoee kuniona hapa."