Mikono Mifupi ya Mtoto Wetu

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, hapa mtaani kwetu Barking, simu kutoka Marekani ilipotutua mzigo. Mjane wa ndugu yangu yumo edani, hasemi na mwanamume mgeni. Alikaa nyuma ya pazia, simu nikaishika mimi, sauti nikaifungua asikie.

Mpigaji huwapima vijana wa vyuo kwa niaba ya timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Mtoto wetu, mwana wa huyo ndugu yangu, anacheza chuoni huko. Kazi yake ni kumvamia mrushaji na kumwangusha kabla hajaurusha mpira. Alikwisha kutuambia kwamba ameandikwa vibaya katika ripoti za wapimaji, wala hajui kwa nini.

"Anaanza kwa kasi sana," akasema yule bwana. "Mikono mifupi kidogo. Lakini mechi mbili hayumo, nami nimeandika hategemeki. Alikuwa wapi?"

Sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Shemeji, mwambie alikuja kumzika baba yake. Maiti haingoji mpira."

Nikamweleza polepole, nikaongeza kwamba kijana ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Kisha nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Nimelifuta neno hilo. Niwieni radhi. Lakini mikono bado ni mifupi."

Shemeji akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mwambie ilimfikia baba yake."

Huenda wasimchague. Wakimwacha kwa mikono mifupi tutavumilia, maana ni ya ukoo wetu.

Ewe Mola, mrehemu ndugu yangu, ulipanue kaburi lake, umpokee kwa upole unaozidi ule wa mwanawe. Amin.