Robo Tatu ya Chumba

Marehemu baba alituachia nyumba moja Mombasa: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Warithi tulikuwa watatu, mama, kaka yangu na mimi. Kadhi aligawa mafungu ishirini na manne. Mama matatu, kaka kumi na manne, mimi saba. Nilijumlisha mara mbili, si kwa kumshuku kadhi, ni tabia tu. Kisha nikayageuza mafungu kuwa vyumba, na hapo nikaweka kalamu chini. Mama, aliyeishi humo tangu aolewe, alikuwa amepata robo tatu ya chumba. Mlango na kitanda, labda. Dirisha ni la mtu mwingine.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa elfu mbili, nilikuwa Lewisville, kaskazini mwa Dallas, nikitunza wazee majumbani mwao na kusomea uuguzi. Chuo kilidai somo moja la historia. Lililokuwa na nafasi Jumamosi asubuhi lilikuwa la Uingereza ya karne nne nyuma: nani alirithi shamba, nani alitolewa. Nikajisemea, hawa walikuja kwetu kutupimia ardhi. Wacha niwaone walivyopimiana wenyewe.

Sehemu nyingi kifungua mimba wa kiume alizoa kila kitu. Kwingine alirithi kitinda mimba, kwingine wana wa kiume waligawana sawa. Lakini kilichonikamata mimi kilikuwa kitu kidogo. Mzee, au mjane, akitaka kumwachia mwanawe shamba angali hai, walikwenda mbele ya baraza la bwana mwenye ardhi. Mzee alimkabidhi karani fimbo, karani akampa mwana, na shamba likawa limehama. Ila kabla ya fimbo kuhama, masharti yaliandikwa. Mama apewe chumba kipi. Apitie mlango upi kwenda kisimani. Akae wapi karibu na moto. Apate magunia mangapi ya nafaka, na matunda ya mti upi. Mwana akivunja sharti, shamba linarudi. Mwalimu aliyasoma kama orodha ya bei. Mimi niliwaona akina mama waliowajua watoto wao.

Basi kaka akapiga simu. Yeye alikaa Pearland, kusini mwa Houston, akifanya kazi hospitalini, na alikuwa na nyumba yake yenye nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mtoto wa chuo cha Kurani. Alitaka mimi na mama tumwandikie mafungu yetu.

"Benki inataka jina moja," akasema. "Nitapandisha ghorofa mbili. Mama atakaa chini kama malkia."

"Malkia ana karatasi?"

"Karatasi ya nini? Mama ni mama. Nani atamtoa?"

Swali hilo sikulipenda. Mgeni akikuuliza nani atakuibia, nenda kahesabu vijiko.

Nikaandika mapatano yangu kwa mtindo wa wale wakulima, nikayachapa maktabani, nikaendesha gari mwendo wa karibu saa tano hadi Pearland. Wifi alituwekea chai na mahamri, akarudi jikoni kukata vitunguu. Kila sauti zetu ziliposhuka, mlio wa kisu chake nao ulishuka.

Kaka alisoma kwa sauti. "Chumba cha kwanza kulia, chenye dirisha la barabarani. Njia ya ukumbini hadi uani, wakati wowote. Choo kisicho na ngazi. Ufunguo wa mlango wa mbele. Barazani akae na wageni wake bila kuulizwa." Akaiweka karatasi chini. "Wewe! Umemwandikia mama au mpangaji?"

"Mpangaji hutolewa kwa notisi. Mama hutolewa kwa maneno."

"Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa Waingereza."

"Wale wale?"

"Wale wale. Hawakuaminiana, ndiyo maana karatasi zao zipo mpaka leo."

Akakuna shingo. "Choo nakubali. Baraza nakubali. Ufunguo ukae kwangu, mama nimchongeshee wa pili."

"Wa kwanza wake, wa pili wako."

"Una roho ngumu, mdogo wangu."

"Andika hapo pembeni, kisha tumpigie."

Tukampigia mama, simu tukaifungulia sauti. Nikamsomea sharti moja moja. Nilipomaliza nikadhani laini imekatika.

"Mama, upo?"

"Nipo. Lile la mwisho, soma tena."

"Kaka akivunja hata sharti moja, mafungu yote yarudi kwa dada yake."

"Dada yake si wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na mimi siku hiyo nitakuwa nimekwenda wapi?"

Kaka alicheka hadi chai ikamwagikia kanzu. "Mama, mshike mwizi wako!"

Nikaeleza kwamba nilifuata mfano wa karatasi moja ya darasani, ambako shamba lilimwendea binti. Ilikuwa kweli. Lakini karatasi yangu nilikuwa nimeisoma mara mbili kabla ya kutoka nyumbani, na mara mbili tena kwenye kituo cha mafuta. Ama sikuliona sharti lile, ama nililiona.

Nikalikata kwa kalamu, nikaandika: yarudi kwa mama. Kaka akatia sahihi, nami nikatia.

"Umebaki wewe, mama," kaka akasema. "Nitakutumia ya kwako."

"Usitume. Andikianeni nyinyi. Haya matatu yangu sitii sahihi."

"Lakini mama, benki haitakubali!"

"Isikubali. Mwanangu, kama mimi si wa kutolewa, matatu yangu yanakukera nini?"

Kaka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Jikoni kisu kilikuwa kimya kabisa.

Ghorofa hazikujengwa. Mama aliishi mle miaka saba zaidi, akawapangisha watu vyumba viwili bila kutuuliza, akafia chumba cha kwanza kulia. Kaka alininunia muda mrefu, kisha akachoka. Siku hizi tukikutana yeye husema, "Umeona? Nani alimtoa?"

Mimi humjibu kwamba hakupata nafasi ya kumtoa. Yeye hucheka sana, nami hukaa nikimtazama anavyocheka.