Paka Aliyeitwa Baba Faith

Mimi si mtu wa kuogopa mizimu, na anayesema naogopa aje aniambie usoni. Lakini nyumba ya jirani yangu Apiyo, hapa Nyakato, kwa mwaka mzima nilikuwa siingii bila kutanguliza jina la Yesu. Mumewe Okal alikufa ziwani, na Apiyo alikuwa bado anaishi naye.

Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, Okal alikuwa miongoni mwao, akatoka na kikohozi cha vumbi la pamba. Akaenda kuvua sangara kama wenzake, maana wenye viwanda vya minofu walikuwa wananunua kila kilichotoka majini. Mtumbwi ulirudi, yeye hakurudi. Kwa Wajaluo, mwili usipopatikana hawazibi kaburi tupu. Walichukua tunda la yago, lile refu na zito, wakalitia kwenye jeneza badala ya maiti, wakalizika kwao Shirati, wakalia. Apiyo hakulia. Tukiwa kwenye basi la kurudi akaniambia, "Nimezika tunda, Mama Nestory. Mume wangu sijamzika."

Wiki hiyo hiyo akaja paka wa kijivu, akapanda kitandani, akalala upande wa ukutani, upande wa Okal. Basi! Mama wa watu akaanza kumwita Baba Faith, kama alivyokuwa akimwita mumewe. Anamtengea mapanki, yale mabaki ya sangara ya viwandani, kwenye sahani yake, anamlalamikia bei ya unga. Mimi nilicheka, lakini nilichekea kwangu. Yule paka alikuwa na namna ya kukutazama, mpaka unasahau ulichokuja kuomba.

Halafu zikaanza kelele. Mapaka ya mtaa mzima yakawa yanakesha juu ya bati la Apiyo, yanalia kama watoto wachanga. Baba Faith naye anatoroka, anarudi asubuhi shingo imeng'atwa. Wapangaji wakachoka, wakasema watamtegea sumu.

"Wakimuua huyu nimefiwa mara mbili," Apiyo akaniambia.

Nikamshauri ampeleke akahasiwe, atulie nyumbani. Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Nimhasi mume wangu?"

"Kwani Okal alipokuwa hai alikuwa analala nje?"

Akafikiri. "Hata siku moja." Akachukua kikapu, akamtumbukiza paka humo kwa hasira ya mke kabisa.

Daktari Luhende zamani alikuwa wa serikali. Siku hizo za kila mtu kujitafutia alikuwa amefungua duka la dawa za mifugo Mabatini, na mikono yake ilizoea zaidi mafahali. Akamlaza paka mezani, akainua mkia.

"Mama, nani kakwambia huyu ni dume? Huyu ni jike. Hayo madume yanamfuata yeye."

Mwaka mzima, jamani, na hakuwahi kuangalia!

"Ningemchunguliaje?" Apiyo alisema kwa sauti ndogo. "Mtu unamchungulia mumeo?" Halafu akauliza, "Basi Baba Faith yuko wapi?"

Daktari akaeleza kwamba jike si kazi ya dakika mbili. Lazima apigwe sindano ya usingizi, apasuliwe tumbo, kizazi kitolewe, na baadaye auguzwe kweli kweli. Nilidhani Apiyo atamwacha pale pale aende zake.

"Mpasue," akasema. "Wale wapangaji hawatamwangalia mkia kabla ya kumtegea sumu."

Akamuuguza kama mtu. Hakumpa chakula mpaka aliposimama bila kuyumba. Alimlaza kwenye boksi juu ya magazeti, akamfunika kanga, akamzuia kuruka, akaangalia mshono kila siku kama umevimba. Kilichotushinda ni kulamba jeraha. Kila tukimfunga kitambaa anakivua. Apiyo akafungua sanduku la nguo za Okal, zile alizowakatalia shemeji zake walipotaka kuzigawa. Akatoa shati la kazini, akakata mkono mmoja, akatoboa matundu ya miguu, akamvisha paka. Mimi nilijifanya nakoroga uji.

Mchana mmoja, jua kali, wanaume wote wako vibaruani, tulikuwa tumempakata tunamkagua mshono. Ulikuwa unakauka vizuri. Mtu akakohoa nje ya mlango.

Kile kikohozi cha vumbi la pamba mtaa mzima ulikijua. Paka tulikuwa naye mikononi, hajafungua mdomo. Nywele zilinisimama, sitaki uongo. Nikamshika Apiyo gauni asiende. Akanitoa mkono, akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu, ni kamba ya nguo tu na kuku wa mwenye nyumba.

"Baba Faith," aliuambia ule ua, "kumbe ulikuwa nje muda wote. Nimekaa ndani na mnyama nikamwita wewe, kwa sababu nilishindwa kusema umekufa. Umekufa, baba. Nimekubali. Usisimame juani, nenda ukapumzike."

Akaketi kizingitini, akalia kwa Kijaluo, kwa nguvu, mikono kichwani, kilio kile alichotunyima msibani. Wanawake wa nyumba za jirani wakatoka mbio huku wakijifunga kanga, wakaniuliza nani amefariki.

"Mume wake," nikawaambia.