Nilivyofunga Rilei Mwenyewe

Nimekana kwa miezi, leo nakiri: taa za gari langu kuukuu la foowili hakuzifunga fundi. Nilizifunga mwenyewe. Zilikuwa hafifu kama kibatari, nikavuta waya mpya na kuweka rilei mbili, vile vijiswichi vya umeme, ili umeme utoke moja kwa moja kwenye betri. Fundi Saidi, jirani yangu hapa Chanika, aliomba kuzikagua.

"Nina shahada mbili," nikamjibu, "nitashindwaje na waya?"

Alfajiri nikaingia barabarani na dimu, ule mwanga wa chini wa kupishania. Mwanga ule! Majani ya mihogo niliyaona moja moja, nikajivuna. Kila dereva niliyepishana naye aliniwashia fulu, ule mwanga mkali wa juu. Nikajua wananitahadharisha kuwa trafiki wako mbele, kama ilivyo desturi yetu. Nikatambaa taratibu, nikiwapungia mkono wa shukrani. Trafiki sikumwona hata mmoja.

Karibu na Buguruni simu ikaita, nikaegesha. Alikuwa Saidi.

"Shikamoo, mama. Tumepishana sasa hivi. Nimesimama pembeni, sioni kitu. Umegeuza waya, dimu yako ndiyo fulu."

"Marahaba. Lakini si zinawaka, Saidi?"

"Zinawaka, mama. Barabara nzima inakutukana."