Majina Kabla ya Wimbo

"Wakati watu wa Ulaya wanacheza minueti, kwenu Walikale watu walikuwa wanacheza nini?"

Profesa aliniuliza hivyo mbele ya darasa zima. Nilikuwa nimetoka kueleza, kwa Kifaransa changu kizuri, miziki iliyopendwa Ulaya katika karne ya kumi na nane: minueti ya mabwana, yenye mapigo matatu; ngoma ya kontradansi, ambayo hata wapishi waliicheza; na nyimbo za mitaani zilizouzwa zikiwa zimechapwa kwenye karatasi moja moja. Kuhusu kwetu nilijibu, "Hakuna maandishi." Mwenzangu mmoja akasema, "Basi walikaa kimya miaka mia!" Darasa likacheka. Nami nikacheka.

Likizo ilipofika nilipanda pikipiki kutoka Goma, nikapita Masisi hadi Kashebere, kwetu Walikale, kwa mjomba wa mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa bado anajua hadithi ndefu za msituni zinazoimbwa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi alikataa kuziimba mbele ya mtu yeyote. Mimi alinikubalia siku ileile niliyomwomba. Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Asubuhi mke wake alilaza mwanzi mkavu juu ya magogo mawili, akashika vijiti.

"Mutoto yangu, hii simu iko inasikia?" mzee aliuliza.

"Inasikia, Papa," nilisema, nikiiwasha irekodi.

Vijiti vikaanza. Lakini mzee hakuimba. Alitaja watu: wa kwanza alimfundisha wa pili, wa pili akamfundisha wa tatu, akiteremka polepole kama mtu anayeshuka kilima chenye utelezi. Alipofika jina la tano nilizima simu.

"Papa, samahani. Majina tuache. Nataka muziki tu."

"Majina njo mulango. Wewe unaingiaka mu nyumba na dirisha?"

Mke wake akacheka. "Mutu wa inivasité! Anataka bugali, moto hataki."

Ningeweza kucheka nao na kuiwasha tena simu. Badala yake nilisema, "Lakini nani atahakikisha kama hao watu walikuwapo? Kila mwimbaji anaweza kujitungia mababu."

Vijiti vilisimama. Mzee aliitazama simu, si mimi.

"Sawa, mama," alisema. Lile neno "mutoto yangu" lilikuwa limekwisha. Aliniita kama anavyoitwa mgeni wa heshima. "Tuimbe tu."

Aliimba kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani. Nilifikiri ni uzee. Kesho yake niliondoka, na katika kazi yangu ya kumaliza masomo nikaandika kwamba asili ya wimbo huo haiwezi kuthibitishwa. Profesa alisifu uangalifu wangu. Nilimaliza na alama nzuri, na hadi leo nikikutana na sentensi ile naifunika kwa kiganja, hata nikiwa peke yangu chumbani.

Mzee alikufa kabla sijapata diploma. Sikwenda kuzika. Nilisema barabara imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa, ila sikuwa nimeuliza kabla ya kusema hivyo.

Ilipita miaka sita. Mke wake alikuja Goma kutibiwa macho, akafikia kwangu. Tulikuwa tunamenya viazi nilipomwuliza kwa nini siku ile mzee alinikubalia upesi vile. Aliweka kisu chini.

"Hukujua?"

Sikujua. Aliniambia polepole, bila kunilaumu, na hilo lilikuwa gumu zaidi kuvumilia. Siku zote mwimbaji humtaja mwalimu wake tu. Orodha nzima huitaja mara moja maishani, siku anapomkabidhi mtu wimbo. Siku ile jina la mwisho, baada ya lake mwenyewe, lingekuwa langu.