Jani la Kichina na Damu ya Shangazi

Shangazi yangu aliyenilea Msambweni alikuwa mtu wa dawa za miti. Hakuwa mganga wa pepo wala wa ramli. Aliijua mizizi na majani, na watu walimwendea kwa matumbo, vidonda, na zaidi kwa homa. Sufuria yake ya mwarobaini haikukauka. Mimi nilikwenda kusomea kazi ya maabara, nikaajiriwa katika zahanati ndogo Ukunda, nikawa napima damu. Hatukubishana juu ya hilo. Yeye alishika majani yake, mimi darubini yangu, na tulipendana vivyo hivyo.

Mwaka ule mvua za El Nino zilinyesha mpaka vyoo vikafurika. Watalii walikuwa wamekimbia kwa sababu ya fujo zilizotangulia uchaguzi, hoteli za Diani zimelala, lakini zahanati yetu ilijaa. Karibu kila kioo nilichokitia chini ya darubini kilikuwa na vimelea wa malaria. Na klorokwini, tuliyoimeza tangu utotoni, ilikuwa imeanza kushindwa. Watu walijikuna mwili mzima kwa mwasho wake, na homa ikabaki palepale.

Asubuhi moja jirani alimleta shangazi akiwa anatetemeka ndani ya kanga mbili. Alikuwa amekunywa mwarobaini, hakupata nafuu, akameza klorokwini ya dukani, hakupata nafuu. Nilimchoma kidole mwenyewe. Damu yake ilikuwa imejaa vimelea.

Daktari wetu alikuwa kijana wa bara, mmoja wa wachache waliobaki Ukunda baada ya zile fujo zilizowafukuza wenzake. Alichutama kando ya kitanda ili asimsemeshe mzee akiwa amemsimamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kukupa dawa mpya. Imetoka China. Asili yake ni jani."

Shangazi alifumbua macho. "Jani gani?"

"Mimi sijaliona, nimelisoma tu. Ni mmea wa majani membamba, unanuka ukiusugua. Wachina wameutumia kwa homa tangu zamani."

"Hata mimi natumia mwarobaini tangu zamani."

"Ni kweli. Lakini wao hawakuishia hapo. Wataalamu wao walianza kuupima. Walipouchemsha, ulifanya kazi leo, kesho ukashindwa. Wakarudi kwenye maandishi ya wazee wao, wakakuta kwamba jani liliwekwa majini likakamuliwa tu. Wakafikiri huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Wakaitoa bila moto mkali, wakawajaribia wanyama, kisha wakajijaribia wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa."

Nilimjua shangazi, alikuwa akifikiria sufuria zake.

"Na walijuaje kwamba ni dawa iliyowaponya?" akauliza. "Homa nyingine hutoka yenyewe."

"Ndiyo maana wagonjwa hugawanywa, mama. Hawa hupewa dawa mpya, hawa hupewa ile iliyozoeleka, halafu damu ya wote hupimwa. Haitoshi kumwuliza mtu kama amepata nafuu." Akanielekezea kidole. "Ni kazi kama anayoifanya mwanao."

Shangazi alimeza vidonge vya kwanza. Siku ya pili jasho lilimtoka, akaomba uji. Nilipopima tena damu yake, ilinibidi niwatafute wale vimelea kwa muda mrefu. Nikamshika mkono nikampeleka maabara, nikamwonyesha kioo cha kwanza, kisha kile kipya. Alikaa kwenye darubini kwa muda, jicho moja amelifumba.

"Hivi vidoa ndivyo vilivyokuwa vikinitetemesha?"

"Ndivyo."

Alirudi nyumbani na vidonge vilivyobaki. Alipojiona mzima akaviweka kabatini, akisema vitamfaa mtu mwingine. Kabla mwezi haujaisha homa ilirudi, naye akarudi Ukunda akiwa na haya usoni.

Daktari hakumkaripia. "Dawa hii huua haraka sana, lakini haikai mwilini," alimweleza. "Ukiikatisha, vimelea waliobaki huzaana tena. Safari hii nitaichanganya na nyingine inayokaa zaidi."

"Kumbe na jani hili lina udhaifu wake."

"Linao, mama. Tumeujua kwa kulipima."

Shangazi alikubali kwa kichwa. Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa amekuja nalo kutoka nyumbani. "Na mwarobaini wangu, mmeupima?"

Daktari alinitazama mimi kwanza. "Wako waliojaribu kwenye maabara. Lakini sijaona ushahidi wa kutosha kwamba unamtoa mgonjwa malaria. Siwezi kukudanganya."

"Vyema. Ahsante kwa kuniambia."

Jioni, tukiwa tumekaa ukumbini kwangu, aliniambia habari ya kifunguamimba wake. Nilijua tu kwamba alikufa kabla sijazaliwa. Aliniambia kwamba ilikuwa homa, na kwamba alimnywesha mwarobaini mpaka siku ya mwisho, mtoto akilia kwa uchungu wa ile dawa. Hospitali ya Msambweni haikuwa mbali.

"Nilisema ni siku zake zimefika," alisema. "Nikazika, nikashukuru Mungu."

"Na huenda zilikuwa zimefika, shangazi."

"Huenda."

Wakati ule klorokwini ilikuwa bado ina nguvu. Sote wawili tulilijua hilo. Nilimkandakanda miguu mpaka akasinzia kitini.

Hakuacha dawa zake. Aliendelea kutoa ya tumbo na ya vidonda, na nyingine nimeziona zikisaidia. Lakini kwa homa alianza kuwarudisha watu mlangoni: kapimwe damu kwanza. Wengine walinung'unika. Mama mmoja alisema bibi amenunuliwa na watu wa hospitali. Yeye alimwambia tu, "Kapimwe, kisha uje unitukane vizuri."

Siku moja alikuja Ukunda mwenyewe, amembeba mgongoni mtoto wa jirani, mama yake akifuata nyuma na mwavuli. Nilipokuwa nikimchoma mtoto kidole, nilimsikia shangazi kwenye benchi akimfundisha yule mama.

"Kesho atacheza. Kesho kutwa atakula. Utamwona amepona, utataka kuweka vidonge. Usiweke. Mpe mpaka viishe."

"Na akivitapika?"

"Basi mrudishe hapa umwambie daktari," shangazi alisema. "Msikilize anachosema. Na usipoelewa, mwulize."